Uwililugha na kipato

Uwililugha, yaani hali ya mtu kumudu lugha mbili, huinua kipato pale lugha ya pili inapohitajika kazini huku wanaoijua wakiwa wachache. India ni mfano ulio wazi. Utafiti wa Mehtabul Azam, Aimee Chin na Nishith Prakash, uliochapishwa mwaka 2013, ulionyesha kuwa wanaume wanaosema Kiingereza kwa ufasaha walilipwa kwa saa takriban asilimia 34 zaidi ya wasiokijua. Waliokijua kidogo walipata nyongeza ya asilimia 13. Marekani, ambako Kiingereza pekee hutosha katika kazi nyingi, Albert Saiz na Elena Zoido (2005) waliona nyongeza ya asilimia 2 hadi 3 tu kwa wahitimu wa vyuo wanaosema lugha ya kigeni. Vivyo hivyo, Mtanzania anayejua Kiswahili na lugha ya kabila lake haongezewi mshahara kwa hilo, maana wenzake wengi wako hivyo hivyo.

Wapo wanaodai kuwa kinacholipwa ni elimu, kwani Kiingereza nchini India hujifunzwa zaidi na watoto wa wenye uwezo. Hoja hii ni nzito, lakini haitoshi: Azam na wenzake walizingatia elimu, umri, tabaka la kijamii na mahali, na pengo likabaki. Ukweli wake uko kwingine. Faida ilikuwa kubwa zaidi kwa waliosoma sana na wenye umri mkubwa, ndogo kwa vijana wenye elimu haba; kuwafundisha hawa Kiingereza bila kuwapa elimu kamili ni kuwapunja.