Afande alitoka wapi? Lushoto, polisi na lugha ya kesi

Majuzi nilikuwa Magoma, kule Korogwe, chini ya milima ya Usambara. Nimekaa kwenye benchi la kahawa, wazee wanapiga soga, mara akapita kijana mgeni, shati kachomekea, viatu vinang'aa. Mzee aliyekuwa kando yangu akaninong'oneza: "Mjukuu wangu, punguza maneno. Huyo askari kanzu."

Nilicheka mpaka kahawa ikamwagika. Mimi ni ripota, habari za mahakamani ndizo ugali wangu. Kila siku naandika "mpelelezi" na "kachero", lakini askari kanzu, yaani askari aliyevaa kiraia, sikuwa nimelisikia tangu utotoni. Njia nzima ya kurudi mjini nikawa najiuliza: hivi maneno yetu ya polisi na kesi yalitoka wapi? Na anayekamatwa anayaelewa?

Tuanze na afande. Mwaka 1889 Mjerumani Hermann Wissmann alipotumwa kuwapiga Abushiri bin Salim na wenzake wa pwani, aliajiri Wasudani kutoka Misri. Hao walikuja na vyeo vya jeshi la kule, vingi vyenye asili ya Kituruki: ombasha, shaushi, efendi. Ombasha na shaushi wamekufa. Efendi yupo mpaka leo, ndiye afande wetu. Kwa hiyo ukisimamishwa barabarani ukasema "samahani afande", jua umeomba radhi Kituruki.

Hakimu, shahidi, hukumu, dhamana, mahabusu na hata askari mwenyewe, hao wote wana asili ya Kiarabu. Gereza inasemekana ni Kireno, kutoka neno lao la kanisa. Usishangae. Wareno walijenga Ngome ya Yesu pale Mombasa kuanzia mwaka 1593, na baadaye Waingereza wakaigeuza kuwa jela. Polisi, korti, kesi, faini, jela na rumande ni Kiingereza. Ukichunguza sana utaona mwizi ndiye wa kwetu kabisa, kutokana na kuiba. Mwizi wetu, ila wanaomkamata na kumfunga wana majina ya kuazima!

Sasa, wengi hatujui kwamba jeshi la polisi la Tanganyika lilizaliwa milimani, Lushoto. Wajerumani waliuita mji ule Wilhelmstal. Waingereza walipoiteka Usambara mwaka 1916, utawala wao chini ya Horace Byatt ukaweka makao hapo. Mwaka 1919 polisi wakaanzishwa rasmi, makao makuu Lushoto, mkuu wao Meja S. T. Davis. Yalihamia Dar es Salaam mwaka 1930, na mwaka uliofuata Magereza ikatenganishwa na polisi.

Lakini kabla ya hapo Wasambaa walikuwa na mahakama zao. Watawala wa Kilindi, kutoka Vuga, walikuwa na mamlaka ya kuhukumu hata kifo. Mwaka 1895 Wajerumani walimnyonga mtawala mmoja wa Kilindi, Mputa, kwa sababu aliua mtu. Mbele ya mila mtawala alikuwa ametumia mamlaka yake, mbele ya Mjerumani alikuwa muuaji kama muuaji mwingine yeyote. Tendo ni lile lile. Kilichobadilika ni nani mwenye haki ya kulipa jina.

Mjerumani aliacha pia "hamsa ishirini", viboko 25 vilivyochapwa kwa mjeledi wa ngozi ya mnyama yule yule aliyelipa jina. Mwingereza naye akaja na yake. Kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga vibarua waliotoka mbali waliitwa manamba, kwa sababu kila mtu alipewa namba. Sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1923 ilifanya kutoroka kazini kuwa kosa la jinai. Fikiria: umechoka kukata mkonge, unarudi kwenu, unakamatwa kama mhalifu.

Utasema hayo ni mambo ya kale. Sikiliza hili.

Mwaka 2019, nikiwa mafunzo kwa vitendo, nilikaa kwenye mahakama moja ya wilaya. Kijana alishitakiwa kwa kupokea baiskeli ya wizi. Akasomewa shitaka, akajibu: "Ni kweli." Kalamu ya hakimu ilikuwa inaandika Kiingereza, kwani katika mahakama ya wilaya tulizungumza Kiswahili lakini kumbukumbu ziliandikwa Kiingereza. Mahakama ya mwanzo tu ndiyo iliyokuwa ya Kiswahili mwanzo mpaka mwisho. Hakimu akasimamisha kalamu, akauliza: "Kweli nini?" Kijana akasema: "Ni kweli nilinunua baiskeli. Sikujua ni ya wizi."

Maneno mawili yangempeleka jela. Bahati yake hakimu alikuwa makini. Na si hiari ya hakimu pia: mwaka 1973, katika shauri la Adan dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilisema shitaka lielezwe kwa lugha anayoielewa mshitakiwa, na majibu yake yaandikwe kwa maneno yake mwenyewe kadiri inavyowezekana.

Februari 2021, Siku ya Sheria pale Dodoma, Rais Magufuli alimpandisha Jaji Zephrine Galeba kwenda Mahakama ya Rufani baada ya kuandika hukumu kwa Kiswahili. Mwaka huo huo sheria ikabadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na mahakama, Kiingereza kikabaki kwa pale haki inapohitaji. Miaka 60 baada ya uhuru! Tumechelewa, lakini tumefika.

Na sisi waandishi je? Kuna sentensi nimeiandika mara nyingi kuliko jina langu: "Watu wawili wanaisaidia polisi katika upelelezi." Hiyo ni nahau ya magazeti ya Uingereza, tumeibeba nzima nzima. Mtu amelala sakafuni siku tatu, ndugu zake hawajui alipo, sisi tunasema anasaidia. Anamsaidia nani?

Yule mzee wa Magoma asingeandika hivyo. Angesema: wamemkamata. Nami nimeamua kuanzia sasa nitaandika hivyo hivyo, mhariri akitaka akate mwenyewe.

Kwenu wewe, askari asiye na sare mlimwitaje?