Sarafu ya Mechi Moja, Kamembe

PlayStation 2 ilianza kuuzwa Japani Machi 2000, na Marekani Oktoba mwaka huohuo kwa dola 299. Kwetu Cyangugu, Rwanda, sikumjua mzazi wa kutoa fedha hizo kwa ajili ya mchezo. Ilipotufikia ilikuwa imepita mikono mingi: mjomba wangu aliinunua Bukavu, upande wa Kongo, akavuka nayo mpaka, akaiweka chumba cha mbele cha nyumba yake Kamembe pamoja na televisheni yenye kisogo na mabenchi mawili.

Bei ilikuwa faranga 100 kwa mechi, yaani 50 kila mchezaji. Aliyefungwa aliachia maneti, yaani kidude cha kuchezea chenye vitufe, aliyeshinda alibaki kungojea mpinzani mwingine. Asiye na sarafu alikaa benchini akatoa ushauri, na ushauri huo haukulipiwa. Kwa hiyo sidi moja, tena ya kunakiliwa, ilitosha watoto wa mtaa mzima, Jumamosi mpaka Jumamosi. Sijaona mchezo mwingine uliotoa kingi hivyo kwa fedha kidogo hivyo.

Sidi yenyewe ilikuwa Pro Evolution Soccer ya Konami, na tuliyoipenda kuliko zote ni ile ya 6, ya mwaka 2006. Ndani yake alikuwemo Adriano wa Inter Milan. Mguu wake wa kushoto ulipiga mpira kutoka mbali hadi kipa akabaki anatazama, na ugomvi ukawa mwingi mno, mjomba akaweka sheria: hakuna kuchukua Inter mechi mbili mfululizo. Espoir, timu yetu iliyocheza uwanja wa Kamarampaka, haikuwemo. Tuliwavika wachezaji wa Brazili majina ya mashujaa wetu kwa mdomo tu.

Umeme nao ulikuwa na kesi zake. Jirani yetu ni bwawa la Ruzizi II, lililoanza kazi 1989 chini ya SINELAC, shirika la Burundi, Rwanda na Kongo kwa pamoja, lakini kukaa karibu na bwawa hakukutuokoa na giza. Ukikatika dakika ya mwisho, kilio kilikuwa kimoja: “Mjomba, nilikuwa nashinda!” Yeye aliamua hivi: aliyeongoza kashinda, na kama ni sare, mechi inarudiwa bure. Hakuna aliyekata rufaa.

Wazee waliotulaumu kwa kupoteza muda wenyewe walikuwa wamekulia kwenye igisoro, ubao wa mashimo 32 na kete 64, ndugu wa bao la Zanzibar. Pale pia wanacheza wawili, wanaobishana ni kumi. Naamini adabu ya benchi letu ilitoka huko.

Sony iliacha kutengeneza mashine hiyo mwanzoni mwa 2013, baada ya kuuza zaidi ya milioni 150. Kamembe iliendelea kucheza miaka mingine, mafundi wakisafisha lenzi na kuunga nyaya za maneti. Simu ndizo zilizopunguza wateja. Kisha Juni 2020 wilaya yetu ya Rusizi ikafungiwa kwa korona wakati sehemu nyingi za nchi zinafunguliwa, na mjomba akafunga chumba.

Wapwa wangu sasa wanapakua mchezo wa mpira bila kulipa, halafu wananunua bando, kila mmoja lake. Nimewapigia hesabu: kwa bando la siku moja tungecheza mechi kadhaa, na wenzetu wakatazama. Mashine ya mjomba ilinunuliwa na kijana wa Bugarama, akaenda kuanzisha chumba chake huko, sarafu ileile, mechi moja.