Maji ya Rabai



Watoto wetu shuleni hufundishwa kwamba mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliuona mlima Kilimanjaro na theluji yake, na kwamba mwaka 1849 mwenzake Johann Ludwig Krapf aliuona Mlima Kenya. Mabwana wenye elimu kule Ulaya walibishana sana juu ya theluji hiyo, wengine wakicheka na kusema haiwezekani iwepo karibu na ikweta. Lakini katika miaka ile ile, watu hao wawili walihusika na maji mengine, kidogo sana, ambayo hakuna mtu wa Ulaya aliyebishana juu yake. Leo nataka tuyakumbuke maji hayo. Ni maji ya ubatizo wa Mringe wa Rabai, mwaka 1851.

Krapf alikuwa Mjerumani, aliyetumwa na chama cha kimisionari cha Kanisa la Uingereza, yaani C.M.S. Kabla ya kufika kwetu alikuwa amefanya kazi Uhabeshi, akafukuzwa. Mwaka 1843 alipojaribu kurudi huko pamoja na mkewe Rosine, mama huyo alishikwa na uchungu wakiwa safarini nyikani, siku zake zikiwa hazijatimia. Akazaa mtoto wa kike ambaye hakuishi. Krapf alimbatiza mtoto wake palepale njiani, akamwita Eneba, maana yake "chozi" kwa Kiamhari. Baada ya siku chache wakalazimika kuendelea na safari.

Mwaka 1844 wakafika Mombasa. Julai ya mwaka huo huo Rosine akafa kwa homa, na mtoto mwingine mchanga akamfuata mama yake. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa kitandani. Kaburi la Rosine lipo ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali, na anayekwenda Mombasa aweza kulitembelea. Mwaka 1846 Rebmann alifika kumsaidia, na wote wawili wakapanda kwenda Rabai, kwenye vilima nyuma ya Mombasa, wakajenga nyumba kati ya Wanyika, ambao leo tunawaita Wamijikenda.

Basi wakahubiri. Watu waliwasikiliza kwa adabu, kama ilivyo desturi yao ya kupokea wageni, kisha wakaenda zao mashambani. Hakuna kijiji kilichogeuka wala mzee mwenye sauti aliyesimama akasema, "Nami nimeamini." Aliyekuja ni Mringe. Mringe alikuwa kiwete, na hali ya mwili wake ilikuwa ya kusikitisha. Krapf aliandika jinsi walivyoketi pamoja usiku, wakizungumza habari za ufalme wa Mungu. Mtu ambaye hakuweza kulima, wala kwenda vitani, wala kupata sauti katika baraza la wazee, ndiye aliyekuwa na maswali. Mwaka 1851, akiwa kitandani pa kufia, akabatizwa. Kisha akafa.

Wapendwa, hesabuni pamoja nami. Tangu Krapf afike Mombasa ilikuwa miaka 7. Tangu nyumba ya Rabai ijengwe ilikuwa miaka 5. Yalikuwapo makaburi mawili ya jamaa yake, na homa zisizohesabika, na mtu mmoja aliyebatizwa, naye hakuishi hata kuingia kanisani kuimba. Kama shirika hilo lingalikuwa duka, lingalifungwa.

Sasa kuna swali ambalo kijana mmoja wa kanisa langu aliniuliza baada ya kusikia habari hii. Alisema, "Pasta, kama Mringe alikuwa ameamini, na alikuwa anakufa, yale maji yalikuwa ya nini?" Ni swali zuri, wala halijibiwi kwa kumkemea kijana.

Hebu kwanza tutazame ubatizo wa namna nyingine, wa Mombasa hiyo hiyo, zaidi ya miaka 200 kabla ya Mringe. Wareno walipokuwa wakitawala pwani, walisababisha kuuawa kwa mtawala wa Mombasa, Hasan, mwaka 1614. Mwanawe Yusuf alikuwa mtoto. Wakampeleka Goa, kule Uhindi, akalelewa na watawa, akabatizwa, akaitwa Jerónimo. Mwaka 1626 wakamrudisha awe mtawala, wakidhani sasa wamepata mtu wao. Agosti 1631 akamwua kapteni wa Ngome ya Yesu, akaukana Ukristo, na Wakristo wengi wa mji wakauawa. Mimi simlaumu Yusuf peke yake. Walimbatiza mtoto waliyemwua baba yake, wakamvika Ukristo kama sare ya askari wa serikali. Maji yalikuwapo na jina la Utatu lilitajwa, na bila shaka vitabu viliandikwa vizuri. Mtume Petro, alipomwona Simoni mchawi wa Samaria, ambaye naye alikuwa amebatizwa, alijua kwamba maji hayamlazimishi mtu.

Kwa hiyo ubatizo si dawa ya uchawi. Hilo twakubali sote, hata sisi Waanglikana tunaobatiza watoto wachanga na kusikia kwa sababu hiyo maneno mengi kutoka kwa ndugu zetu wa makanisa mengine. Lakini wengine wetu, tukiisha kusema hivyo, twavuka mpaka upande wa pili, tukasema kwamba ubatizo ni cheti tu, kama kile cha darasa la saba: umesoma, umefanya mtihani, umefaulu, chukua. Hapo ndipo Mringe anapotukataza. Yeye hakuwa na muda wa kufaulu lolote.

Waliopanga imani ya Kanisa letu walitumia mfano wa mkulima. Walifundisha kwamba ubatizo si alama ya kumtenga Mkristo na asiye Mkristo tu, bali kwa huo, kama kwa chombo, mtu hupandikizwa katika Kanisa. Ninyi mnaolima machungwa mnalijua jambo hili. Mkulima hukata kijiti cha mchungwa, akakifunga juu ya shina la mlimau. Je, hungoja kwanza kijiti kizae ndipo akifunge? Kikingoja hukauka. Hufungwa kikiwa hakina kitu, nacho huishi kwa utomvu usio wake. Mtume Paulo katika Warumi mlango wa sita anasema jambo zito kuliko hilo, kwamba tunaobatizwa tunazikwa pamoja na Kristo ili tufufuke pamoja naye. Kwa mtu mzima mwenye nguvu, hayo ni maneno ya kufikiriwa polepole. Kwa Mringe yalikuwa habari ya siku ile ile. Kufa alikuwa anakufa kwa vyovyote. Alichopewa ni wa kufa pamoja naye. Mtu aliyeishi pembeni mwa baraza zote aliambiwa kwa maji, mbele ya mashahidi, kwamba yeye ni wa nyumba hii.

Wala si Rabai tu jambo hili lilipofikiriwa. Karibu mwaka 255, Askofu Cyprian wa Karthago, huku huku Afrika, katika nchi iitwayo leo Tunisia, aliulizwa juu ya Wakristo waliobatizwa wakiwa wagonjwa. Hawakuweza kuingizwa majini, basi walimiminiwa maji kitandani. Walipopona, wenzao waliwadharau na kuwaita kwa jina la kitanda, kana kwamba walikuwa Wakristo nusu. Cyprian alijibu kwamba neema ya Mungu haipimwi kwa wingi wa maji, na kwamba watu hao waitwe Wakristo kama wengine.

Tena kuna Augustino, Mwafrika wa Thagaste, katika Algeria ya leo. Alipokuwa kijana, kabla hajaamini, rafiki yake mpenzi alishikwa na homa akazimia, akabatizwa bila kujua. Alipopata fahamu, Augustino akaanza kufanya mzaha juu ya ubatizo ule, akidhani watacheka pamoja. Yule rafiki akamtazama kama adui, akamwambia aache maneno hayo ikiwa anataka kuendelea kuwa rafiki yake. Baada ya siku chache homa ikarudi, naye akafa. Augustino alibatizwa mwenyewe huko Milan, Pasaka ya mwaka 387, lakini alipokuwa mzee wa makamo bado aliukumbuka uso ule uliokataa kucheka.

Nami nina uso ninaoukumbuka, na ndiyo sababu nimechagua habari hii.

Nilikuwa kasisi mpya, nimetoka chuo cha theolojia na vitabu vyangu. Katika mtaa niliopewa kulikuwa na nyanya mmoja aliyechota maji ya kanisa. Kila Jumamosi alipanda kutoka mtoni na debe, akafagia, akajaza mtungi wa maua na, kama kulikuwa na ubatizo, akajaza birika. Yeye mwenyewe hakuwa amebatizwa. Alikuwa ameingia darasa la ubatizo mara tatu, akashindwa kukariri katekisimu, maana hakujua kusoma na kichwa chake kilikuwa kimechoka. Kila mara aliambiwa arudie mwaka ujao, naye alisema, "Haya, wanangu," akaenda kuchota maji.

Siku ya Jumanne niliitwa nyumbani kwake. Alikuwa mgonjwa. Nilimsalimu, nikasoma Zaburi, nikaomba. Nilipokuwa nikiinuka, akanishika mkono, akasema, "Mwanangu, maji nimewachotea miaka yote. Mimi mtanipa lini?"

Nilikuwa na wazee wawili wa kanisa pamoja nami. Mmoja akanong'ona kwamba hajamaliza darasa, na kwamba tukimpitisha yeye wengine watalalamika. Mtungi wa maji ulikuwa pale mlangoni. Ningaliweza kuufikia kwa mkono. Nikamwambia, "Nyanya, Jumapili tutakuleta mbele ya kanisa lote, tukubatize kwa furaha." Niliona kwamba nimesema vema. Alifariki Ijumaa kabla ya alfajiri.

Halafu yakaja maneno ya mazishi. Kitabu chetu cha sala cha zamani hakikuruhusu ibada ya maziko kusomwa kwa asiyebatizwa, na wale wazee walikijua kitabu. Katekista wetu mzee, ambaye hakuwahi kwenda chuo chochote, alisikiliza mabishano yetu, kisha akaondoka kimya. Nilipofika kaburini nilimkuta amekwisha anza kuomba. Sikumzuia, bali nilisimama nyuma yake na kitabu changu kimefungwa.

Mtu aweza kunifariji kwa kunikumbusha mnyang'anyi pale msalabani, aliyeingia peponi bila kubatizwa. Nami naamini hivyo. Sina hofu juu ya yule nyanya. Mungu hafungwi na birika letu. Lakini mimi nilikuwa nimefungwa na agizo, nami sikulitii. Ahadi ya Bwana ilikuwa yake, aisikie kwa masikio na aione kwa maji juu ya paji la uso wake, nami niliikalia siku tatu kwa ajili ya utaratibu.

Sisemi kwamba darasa la ubatizo livunjwe. Mtu mzima mwenye afya na ajifunze, ajue anaingia wapi, maana habari ya Yusuf wa Mombasa yatosha kutuonya. Nasema tu kwamba darasa liliwekwa kwa ajili ya watu. Wale wamisionari wa Rabai walikuwa na kila sababu ya kungoja. Wangaliweza kutaka mtu wao wa kwanza awe mwenye nguvu, wa kuonyeshwa na kuandikwa katika barua za kwenda London. Lakini walimmwagia maji huyu aliyekuwa karibu kuzikwa.

Baadaye walibatizwa wengine, wachache. Mmoja aliitwa Abe Gunja, na mwanawe akawa Isaac Nyondo. Krapf alikwisha rudi Ulaya kwa sababu ya afya yake. Rebmann alibaki peke yake kwa miaka mingi, hata macho yake yakapofuka. Alipoondoka mwaka 1875 kwenda kwao Ujerumani, alikofia mwaka uliofuata, hakuweza kuiona njia. Isaac Nyondo ndiye aliyesafiri naye.

Basi wapendwa, labda katika mtaa wenu yupo mgonjwa aliyewahi kusema kwamba anataka kubatizwa. Labda ni mzee aliyeshindwa na masomo, au mtoto mchanga aliyelazwa hospitalini. Mwambieni kasisi wenu leo, msingoje Jumapili. Na kama kasisi yuko mbali na hali ni mbaya, Mkristo yeyote aliyebatizwa aweza kufanya hivi: achukue maji safi, amtaje mgonjwa kwa jina lake, ammiminie kichwani akimbatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Huo ni ubatizo kamili. Akipona, aletwe kanisani tumpokee. Asipopona, mpeni kasisi jina lake aliandike kitabuni pamoja na yetu.