Saa Sitini za Januari 1969



Filamu ya takriban saa nane haitazamwi kwa kikao kimoja, nasi tuliigawa kwa jioni kadhaa. Inaitwa The Beatles: Get Back. Iliandaliwa na Peter Jackson wa New Zealand na kutolewa katika sehemu tatu tarehe 25, 26 na 27 Novemba 2021. Mambo yanayoonekana ndani yake ni machache mno: vijana wanne wa Liverpool, ambao wakati huo walikuwa mashuhuri kuliko bendi nyingine yoyote duniani, wanakaa chumbani mwezi mzima wa Januari 1969, wanatunga nyimbo, wanakunywa chai, wanagombana, wanapatana, na mwishowe wanapanda juu ya paa. Tunaandika juu yake leo kwa sababu inagusa swali ambalo kila mpenzi wa historia hana budi kukutana nalo. Mikanda ile ile ilikwisha kuzaa filamu nyingine mwaka 1970, nayo ilisimulia habari iliyo karibu kinyume na hii. Tusadiki ipi?

Mwongozaji wa filamu ya kwanza, Michael Lindsay-Hogg, alikabidhiwa kazi ya kuwapiga picha wanamuziki hao wakijiandaa kwa onyesho la televisheni. Kuanzia Alhamisi tarehe 2 Januari hadi tarehe 31, kamera zake zilikusanya karibu saa 60 za picha, na vinasa sauti zaidi ya saa 150 za mazungumzo na muziki. Katika hazina hiyo yeye alikata dakika zipatazo 80, akaziita Let It Be, na zikaingia kwenye majumba ya sinema Mei 1970. Lakini tarehe 10 Aprili mwaka huo dunia ilikuwa imepata habari kwamba Paul McCartney ameachana na wenzake. Basi watu waliingia sinema kama waombolezaji, na kila uso uliokunjamana ukasomwa kuwa ndio chanzo cha kifo. Hakuna hata mmoja wa wanne hao aliyehudhuria uzinduzi wake London. John Lennon na George Harrison, walipoulizwa baadaye, waliuzungumzia mwezi ule kwa uchungu mwingi, na vitabu vya miaka hamsini vikayapokea maneno yao.

Hapo pana jambo ambalo wengi hulisahau. Baada ya Januari hiyo bendi haikufa. Ilirudi studio na kurekodi Abbey Road, albamu iliyotoka tarehe 26 Septemba 1969 na ambayo wengi huihesabu kuwa miongoni mwa kazi zao bora. Kilichopigwa picha kabla ya kifo kilitazamwa baada ya mazishi, na mpangilio huo peke yake ulitosha kubadilisha maana ya kila tabasamu.

Jackson alikuwa na faida ambayo mtangulizi wake hakuwa nayo. Sauti zote za chumba zilikuwa zimerundikana katika mkondo mmoja, gitaa juu ya maneno, ngoma juu ya gitaa. Wanamuziki wenyewe walilijua hilo na walilitumia: walipotaka kusema jambo la faragha, waliongeza sauti ya magitaa na kuyachezea ovyo ili kipaza sauti kisinase mazungumzo. Mafundi wa Jackson waliifundisha kompyuta kuitambua sauti ya kila chombo na ya kila mtu, kisha kuzitenga. Kwa hiyo tunayasikia leo yale ambayo wasemaji walidhani wameyafukia. Tunakiri kwamba jambo hilo lilitupa mashaka kidogo, maana siri ya mtu haigeuki kuwa mali ya wote kwa sababu tu chombo kipya kimevumbuliwa. Hata hivyo tuliendelea kutazama.

Sehemu tuliyoipenda kuliko zote ni ya Jumanne tarehe 7 Januari. Walikuwa bado kwenye ukumbi mkubwa wa baridi wa studio za filamu za Twickenham, na Lennon alikuwa amechelewa, kama ilivyokuwa desturi yake. McCartney, akiwa na gitaa la besi, anaanza kulikung'uta kana kwamba ni gitaa la kawaida, huku akiguna sauti zisizo na maneno. Harrison anapiga miayo. Ringo Starr anatazama tu. McCartney anarudia, anabadilisha kidogo, anarudia tena. Na ndani ya dakika chache, mbele ya macho yetu, inajitokeza tuni ya Get Back, wimbo ambao mamilioni wanaufahamu. Harrison anachukua gitaa lake na kufuata, Starr anaanza kupiga makofi. Hakuna anayeshangaa. Kwao ilikuwa siku ya kazi. Wengi wetu tumezoea kufikiri kwamba wimbo humshukia mtunzi kama umeme. Hapa tunaona kwamba unachimbwa, kwa kurudiarudia kunakochosha hata kutazama. Siku nyingine Harrison analalamika kwamba amekwama miezi kadhaa kwenye neno moja la wimbo wake Something, naye Lennon anamshauri aweke neno lolote linalomjia, hata jina la mboga, mpaka lile la kweli litakapofika.

Wimbo huo wa Get Back una historia inayotuhusu sisi wa Afrika Mashariki kuliko tulivyotarajia. Mwaka 1967 Kenya ilitunga sheria za uhamiaji na za leseni za biashara zilizowataka wasio raia wapate vibali, na Waasia wengi waliokuwa na pasipoti za Uingereza wakaanza kuondoka Nairobi na Mombasa kwa ndege kuelekea London. Serikali ya Harold Wilson ilishikwa na hofu. Ilipitisha bungeni, kwa siku tatu tu, sheria iliyotiwa saini tarehe 1 Machi 1968: mwenye pasipoti ya Uingereza ambaye yeye, mzazi wake au babu yake hakuzaliwa huko hakuwa tena na haki ya kuingia bila kizuizi. Wakuu wa familia 1,500 tu ndio waliotengewa nafasi kwa mwaka. Wiki saba baadaye, tarehe 20 Aprili, mbunge Enoch Powell alitoa huko Birmingham hotuba yake mbaya dhidi ya wahamiaji. Na Januari 1969, wakati bendi inafanya mazoezi, viongozi wa Jumuiya ya Madola walikuwa wanakutana London, na habari za wahamiaji zilikuwa magazetini kila asubuhi.

Vijana wale walisoma magazeti hayo kama watu wengine. Wakaanza kuimba kwa mzaha, wakimkejeli Powell na wale wote waliotaka wageni warudi walikotoka, na beti za mwanzo za Get Back ziliwataja Wapakistani kwa kejeli hiyo. Baadaye waliziondoa. Tunadhani walifanya vema, maana kejeli ikishaimbwa haina mtu wa kuifafanua, na anayeisikia huweza kuishika kwa upande usiokusudiwa. Ndivyo ilivyotokea mikanda ile ilipovuja miaka mingi baadaye, wakatuhumiwa kuwa wabaguzi. Watazamaji wengi wa filamu hii watalipita jambo hilo haraka. Sisi tulisimamisha picha, kwa maana familia zilizofungiwa mlango huo zilikuwa za majirani zetu.

Turudi Twickenham. Ijumaa tarehe 10, wakati wa chakula cha mchana, Harrison aliwaambia wenzake kwamba anaondoka, akaondoka. Alikuwa na umri wa miaka 25, mdogo kuliko wote, na kwa miaka mingi alikuwa amezoea kupata nafasi ya wimbo mmoja au mbili kwa albamu huku Lennon na McCartney wakigawana zilizobaki. Filamu inamwonyesha akileta All Things Must Pass, wimbo mzuri, nao wanaujaribu kidogo na kuuacha. Mwaka 1970 aliutoa mwenyewe katika albamu iliyobeba jina hilo. Alipoondoka, Lennon alisema kwamba asiporudi watamchukua Eric Clapton. Yalikuwa maneno makali, na hatuoni sababu ya kuyapamba.

Lakini Jumatatu iliyofuata watengenezaji wa filamu walificha kipaza sauti ndani ya chombo cha maua kwenye chumba cha kulia, na humo tunamsikia Lennon yule yule akimwambia McCartney kwamba hali ya Harrison ni kidonda walichokiacha kioze bila kukifunga. Alilijua, basi. Siku hiyo hiyo McCartney alitania kwamba baada ya miaka hamsini watu watasema bendi ilivunjika kwa sababu Yoko Ono aliketi juu ya kikuza sauti. Ndivyo walivyosema, na wengine bado wanasema. Mwenye kutazama filamu hii kwa utulivu atamwona mama huyo akisoma gazeti, akishona, akipokea barua, mara nyingi kimya. Mzigo mzito zaidi, kwa maoni yetu, ulikuwa kukosa mlezi. Meneja wao Brian Epstein alifariki tarehe 27 Agosti 1967, na katika mazungumzo yao wanamtaja kama Mister Epstein, kwa adabu ya wanafunzi wanaomkumbuka mwalimu. Tangu hapo hakukuwa na mtu mzima wa kusema basi, imetosha, fanyeni hivi. McCartney alijaribu kuichukua nafasi hiyo, na ndugu hakubali kirahisi kuamriwa na ndugu.

Harrison alirudi kwa masharti: onyesho la televisheni lifutwe (Lindsay-Hogg aliota kulifanya katika magofu ya Kirumi ya Sabratha, Libya, jambo ambalo Starr alilikataa kwa sababu hakutaka kusafiri), na waihame Twickenham. Walihamia ghorofa ya chini ya ofisi yao wenyewe, nambari 3 mtaa wa Savile Row, London. Studio waliyojengewa hapo na Alexis Mardas, Mgiriki aliyewaahidi maajabu, haikufaa kabisa, ikabidi mitambo iazimwe kutoka kampuni ya EMI.

Kisha Jumatano tarehe 22 akaingia Billy Preston. Alikuwa Mmarekani mweusi mwenye umri wa miaka 22, aliyekua akipiga kinanda kanisani na ambaye akiwa mtoto alimpigia mwimbaji Mahalia Jackson. Walifahamiana naye Hamburg mwaka 1962, alipokuwa katika kundi la Little Richard. Alikuja kuwaamkia tu, wakamkalisha kwenye kinanda cha umeme. Alipogusa vitufe, nyuso zote zilibadilika. Waliokuwa wakinuniana wakaanza kuwa na adabu, kama familia inavyokumbuka heshima yake mgeni anapobisha hodi. Bamba la Get Back lilipotoka Aprili 1969 jina lake liliandikwa pamoja na la bendi, heshima isiyo ya kawaida kwao.

Wasomaji kadhaa wamewahi kutuuliza kama Mama Maria anayetajwa katika Let It Be ni Bikira Maria. McCartney amekwisha kueleza: aliota ndoto ya mama yake mzazi, Mary, muuguzi na mkunga, aliyefariki mwaka 1956 yeye akiwa na miaka 14. Katika filamu tunauona wimbo huo ukiwa bado nusu, maneno yakitafutwa.

Alhamisi tarehe 30 Januari, saa ya chakula cha mchana, walipanda juu ya paa na kupiga kwa dakika 42. Kulikuwa na baridi kali: Lennon alivaa koti la manyoya la Yoko, Starr koti jekundu la mkewe Maureen. Kamera kumi zilitegwa, nyingine barabarani na moja imefichwa mapokezi, ambako askari polisi wawili vijana wanaonekana wakisubirishwa kwa upole na wafanyakazi waliojua vema wanachofanya. Miongoni mwa nyimbo za siku hiyo ilikuwa One After 909, ambayo Lennon na McCartney waliitunga wakiwa bado wavulana. Wanaipiga wakitazamana na kucheka, na hapo filamu ya 1970 na ya 2021 zinakubaliana kabisa.

Kuhusu swali letu la mwanzo, hatumpi Jackson ushindi wote. Naye pia alichagua saa nane kati ya sitini, na alifanya kazi yake kwa ridhaa ya waliobaki hai na familia za marehemu. Ushahidi wa Lennon na Harrison, waliokuwamo chumbani, hauwezi kufutwa na picha za watu wakicheka. Mtu anaweza kucheka mchana na kulia usiku, na kamera ilizimwa jioni. Ila sasa tuna saa nane mahali palipokuwa na dakika themanini, nazo zinamwacha kila mmoja wao awe mtu wa hali nyingi. Filamu ya Lindsay-Hogg, ambayo kwa miongo mingi haikupatikana kihalali, ilisafishwa na kutolewa upya tarehe 8 Mei 2024, kwa hiyo mwenye nafasi anaweza kuzitazama zote mbili. Tunashauri aanze na ile fupi.