Mbinu za kufufua programu kongwe za DOS katika tarakilishi za kisasa

ZIPO ofisi, maduka na vyama vya ushirika ambavyo vitabu vyao vya hesabu vingali vimehifadhiwa katika programu zilizoandikwa enzi za MS-DOS. Siku tarakilishi nzee inapokufa na mpya kuletwa, programu hukataa kufunguka, na rekodi za miaka mingi huonekana kana kwamba zimepotea.

Mara nyingi rekodi hizo ziko salama. Kinachokosekana ni vigeu vya mazingira, yaani majina mafupi yanayobeba maagizo ambayo programu huyasoma pindi inapoanza. PATH huonyesha mahali pa kutafuta programu, nayo TEMP huonyesha pa kuweka faili za muda.

Kabla ya kugusa chochote, nakili folda nzima ya programu na data yake katika diski nyingine.

Chimbuko la tatizo

Katika MS-DOS na Windows 98, vigeu viliandikwa katika faili ya AUTOEXEC.BAT. Windows 2000 na XP zilileta utaratibu tofauti: programu ya DOS inapofunguliwa, mfumo husoma AUTOEXEC.NT na CONFIG.NT, zilizomo katika folda ya System32. Anayehamisha programu pekee huacha nyuma maagizo yake.

Hivyo basi, ikiwa diski ya zamani ingali inasomeka, fungua AUTOEXEC.BAT na unukuu kila mstari unaoanza kwa neno SET.

Mfano mzuri ni programu zilizotungwa kwa Clipper, lugha iliyotamba katika kazi za hesabu miaka ya 1980 na 1990. Zikionyesha "DOS Error 4", maana yake ni kwamba faili zilizofunguliwa zimezidi idadi inayoruhusiwa. Dawa yake ni SET CLIPPER=F:100 pamoja na FILES=100 katika CONFIG.NT. Kurekebisha upande mmoja hakutoshi, kwani kinachozingatiwa ni kiwango kidogo kati ya hivyo viwili.

Hatua za kufuata

Kwanza, fungua dirisha la amri na uandike SET. Orodha ya vigeu vyote itatokea. Linganisha na ile uliyoinukuu.

Pili, andaa faili fupi yenye kiambishi .BAT, mathalani:

@ECHO OFF
SET CLIPPER=F:100
SET TEMP=C:\TEMP
C:
CD \HESABU
HESABU.EXE

Njia hii ni bora kuliko kubadilisha mfumo mzima, kwa kuwa vigeu hivyo huihusu programu hiyo tu na hutoweka dirisha linapofungwa. Hakikisha folda ya C:\TEMP ipo.

Tatu, chunga nafasi na alama za kunukuu. Ukiacha nafasi kabla ya alama ya =, nafasi hiyo huwa sehemu ya jina la kigeu, na programu haitakiona. Alama za kunukuu nazo huingia katika thamani.

Nne, tumia majina mafupi ya folda. Programu za DOS hutambua herufi nane na kiambishi cha herufi tatu. Amri ya DIR /X hufichua majina hayo mafupi, kama vile PROGRA~1.

Tano, ukibadilisha kigeu kupitia mipangilio ya Windows, funga dirisha la amri na ufungue jipya. Dirisha lililokuwa wazi hubaki na nakala ya awali.

Aidha, jihadhari na amri ya SETX unaporefusha PATH. Hukata maandishi yanayozidi herufi 1,024, na sehemu iliyokatwa hairudi.

Vigeu visipofaa

Iwapo Windows yako ni ya biti 64, vigeu pekee havitasaidia, kwa sababu mifumo hiyo haiendeshi kabisa programu za biti 16. Windows 11 hutolewa kwa biti 64 tu. Windows 10 ya biti 32 iliweza kuziendesha, lakini Microsoft ilikomesha msaada wake wa kawaida Oktoba 14, 2025.

Suluhu ni DOSBox, programu ya bure iliyoanza kutolewa mwaka 2002, ambayo huiga tarakilishi ya DOS. Mistari ya SET huandikwa katika faili yake ya mipangilio, chini ya sehemu ya [autoexec]. Hata hivyo, ililengwa michezo. Kwa kazi ya hesabu, ijaribu kwanza kwa nakala ya data, na watu wawili wasifungue faili zile zile kwa wakati mmoja.

Programu ikishafunguka, usirejee kazini na kusahau. Itumie nafasi hiyo kuhamisha rekodi hadi kwenye mfumo wa kisasa, maana tarakilishi ijayo huenda isikupe fursa ya pili.