Lililoungwa Tayari au la Kuunga Mwenyewe? Tuwaulize Watu wa Kilwa

Ndugu wasomaji, leo nina historia, lakini naomba tuanzie dukani.

Malori ya rimoti ya kuchezea yako ya aina mbili. La kwanza limeungwa tayari: unafungua boksi, unachaji betri, lori linatimua vumbi. La pili linakuja vipande vipande: fremu, gia, difu, springi, shokapu, mfuko wa skrubu na kitabu cha maelekezo. Hilo utakesha nalo mezani kabla halijatembea hata hatua moja. Wajomba na mashangazi wanaotafuta zawadi ya kijana wa nyumbani hukwama hapo hapo. Wengi wanadhani swali ni la bei na subira tu. Mimi nasema ni swali la historia, na pwani yetu iliwahi kulijibu.

Kwanza tujue kitu chenyewe kimetoka wapi. Chombo kinachotajwa sana kuwa cha kwanza kuongozwa kwa mawimbi ya redio mbele za watu hakikuwa gari, kilikuwa mashua! Mwaka 1898 Nikola Tesla aliielea kwenye bwawa la maji ndani ya Madison Square Garden, New York, akaipinda kulia na kushoto bila kuigusa. Magari yalifuata baadaye sana. Kampuni ya Tamiya ya Japani ilitoa gari lake la kwanza la rimoti mwaka 1976, na mwaka 1981 ikatoa pikapu ya Toyota, ile ile Hilux tunayoijua barabarani, ikiwa vipande ndani ya boksi. Mnunuzi aliunga mpaka gia boksi yake. Halafu mwaka 1986 Traxxas ilianzishwa Texas, Marekani, ikajijengea jina kwa kuuza magari yaliyoungwa tayari kiwandani. Tangu hapo mabishano hayajaisha. Wa vipande wanawaambia wenzao "hamjui kilichomo ndani". Wa tayari wanajibu "sisi tunacheza, nyie mnasoma karatasi".

Sasa tuvuke maji. Kutoka Kilwa Masoko hadi Kilwa Kisiwani ni safari fupi ya mashua. Wengi tunakwenda kupiga picha Msikiti Mkuu, Husuni Kubwa na Gereza, tunarudi. Magofu hayo na yale ya Songo Mnara yaliingia kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 1981, yakawekwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini mwaka 2004, yakatolewa huko mwaka 2014. Hayo ni ya vitabu vya wageni. Mimi nataka tuulize jambo jingine: hawa mabwana walipokuwa matajiri, walinunua nini kikiwa kamili, na nini walitengeneza wenyewe?

Walinunua vingi vikiwa kamili. Kaure ya Uchina, mabakuli ya kung'aa kutoka nchi za Ghuba, shanga za India. Ibn Battuta alipofika mwaka 1331, chini ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, alikuta mji uliokwishazoea vitu vya mbali. Hakuna aibu katika hilo. Dhahabu iliyotoka bara nyuma ya Sofala, katika Msumbiji ya leo, ilipita mikononi mwao, na mwenye dhahabu hununua.

Lakini tazama upande wa pili. Kilwa ilipiga sarafu zake yenyewe za shaba, zenye majina ya masultani wake. Neville Chittick, aliyechimba magofu hayo miaka ya 1960 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1974, alikuta pia vidude vya duara vyenye tundu katikati. Ni vya kuzungushia kijiti cha kusokotea uzi wa pamba. Vidude vya namna hiyo hapa pwani vilichongwa mara nyingi kutoka vigae vya vyungu vilivyovunjika. Yaani chungu kikivunjika, kigae kinapata kazi mpya!

Na vyombo vya bahari je? Julai 1505 Wareno chini ya Francisco de Almeida waliiteka na kuipora Kilwa. Taarifa ya safari ile, inayohusishwa na Mjerumani aitwaye Hans Mayr, inasimulia vyombo vilivyokuwa hapo: vingine vikubwa kama merikebu ya Kireno ya tani 50, na havikuwa na msumari hata mmoja. Mbao zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Vikubwa vilikaa nchi kavu, vikaburutwa majini siku ya safari, na vilikwenda mpaka Sofala.

Ndugu msomaji, chombo cha kushona ndicho chombo cha vipande hasa. Ubao ukioza, unafumua kamba, unautoa, unaweka mwingine, unashona tena. Kamba inachoka, kwa hiyo kazi ya kufungua na kufunga haiishi. Ni usumbufu, kweli. Lakini usumbufu huo huo ndio uliolazimisha kila bandari kuwa na watu wanaojua chombo ndani na nje. Mtepe, chombo cha kushona cha pwani yetu, ulidumu katika bahari hii hadi mwanzoni mwa karne ya 20.

Mpaka hapa utasema: basi jibu ni vipande, mjadala umekwisha. Subiri kidogo.

Mreno mwingine, Duarte Barbosa, aliandika miaka ya 1510 kuhusu Waislamu wa Sofala, watu wa mtandao ule ule wa biashara wa Kilwa. Walilima pamba nyingi na kufuma nguo nyeupe. Rangi ndiyo iliyowashinda. Basi walifanya nini? Walinunua nguo za rangi zilizokamilika kutoka Cambay, India, zikiwemo za bluu, WAKAZIFUMUA. Nyuzi zile za rangi wakazichanganya na nyuzi zao nyeupe, wakafuma nguo mpya, wakaziuza kwa dhahabu.

Hebu isome tena hiyo. Walinunua kitu kizima, wakakigeuza vipande, wakakiunga upya kwa matakwa yao. Kumbe swali la "kizima au vipande" walilipita zamani. Siri yao haikuwa kufumua tu, maana kufumua hata mtoto wa miaka miwili anaweza. Siri ilikuwa ule uzi mweupe wa kwao. Bila uzi mweupe, ungebaki na rundo la nyuzi za bluu na nguo iliyoharibika.

Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu sisi wa juzi tulinunua vipande tukadhani tumemaliza kazi. Pale Kibaha, mkoa wa Pwani, miaka ya 1980 palikuwa na kiwanda cha TAMCO. Kazi yake ilikuwa kuunga malori ya Scania kutoka vipande vilivyoletwa na meli toka Sweden. Malori makubwa ya kweli, si ya rimoti! Vijana wetu waliunga, na walijifunza. Lakini miaka ile nchi ilikaukiwa fedha za kigeni, na kiwanda cha kuunga kisicho na dola za kununulia vipande ni ghala tu. Hatimaye kikasimama. Leo ukitaja TAMCO pale Kibaha watu wanakuelekeza eneo la viwanda.

Hapo hapo Kibaha, miaka hiyo hiyo, kulikuwa na jaribio la aina nyingine: Nyumbu, kituo cha teknolojia ya magari kilicho chini ya jeshi, kilichojaribu kutengeneza lori la Kitanzania lenye jina hilo. Kenya nao walijaribu: Nyayo Pioneer ilionyeshwa mwaka 1990, ikaishia kwenye magari machache ya majaribio. Tunapenda kuyacheka majaribio haya. Mimi siyacheki. Walikuwa wanatafuta uzi mweupe.

Turudi Kisiwani. Nilipotembea ufukweni nilimkuta fundi mzee akipiga kalafati, anasindilia pamba kwenye nyufa za mashua. Baada ya shikamoo nikamuuliza kama mashua mpya isingekuwa nafuu kuliko kukaa na hii kuukuu. Akasema, "Mwanangu, mpya nayo itavuja. Sasa ikivuja nitamwita nani?" Akaendelea na kazi yake.

Karibu naye watoto walikuwa wanashindanisha vingalawa vya mti mwepesi, tanga la kipande cha salfeti. Mmoja kila akishindwa anarudi nchi kavu, anasogeza mlingoti kidogo, anajaribu tena. Kule bara wenzake wanaunda magari ya makopo na waya, magurudumu ya ndala iliyokatika. Mtoto huyo uzi mweupe anao tayari. Hajui kama anao, na sisi watu wazima mara nyingi tunamnyang'anya tukidhani tunamstaarabisha kwa zawadi ya dukani.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Kama kijana wako ameshaunda gari la makopo likatembea, au amefungua redio ya nyumbani mkamchapa, mnunulie la vipande. Ataona difu imefanya nini akalielewa, na siku gia ikikatika atajua pa kuanzia. Kama hajawahi kushika bisibisi, usimtwishe mfuko wa skrubu 200 na karatasi ya Kijapani. Atafuata picha moja baada ya nyingine mpaka mwisho, gari litatembea, na hatakuwa amejifunza zaidi ya kufuata picha. Huyo mnunulie lililoungwa tayari, ila chagua lenye skrubu zinazofunguka na spea zinazopatikana, si lililogundishwa kwa gundi. Mpe na bisibisi ndani ya boksi hilo hilo. Na likiharibika mara ya kwanza, tafadhali, usikimbilie kununua jingine. Kaa naye chini, mlifungue.

Na kama bajeti hairuhusu lolote kati ya hayo, mwachie ndala zako zilizokatika.