Gari la mtumba likikorofisha njiani: lipi usimame hapo hapo, lipi ufike nalo gereji

Msikilizaji, magari mengi ya familia tunayoyaona huku Nyanda za Juu Kusini, kuanzia IST na Probox hadi Noah, yalitembea miaka kadhaa Japani kabla ya kushushwa bandarini. Ni magari imara, na spea zake unazipata hata kwenye miji midogo. Lakini gari lenye miaka 15 au 20 lazima likorofishe siku moja. Likikorofishia katikati ya mlima Kitonga, au kwenye barabara ya vumbi ambako gereji iko kilomita 40 mbele, swali la kwanza siyo limeharibika nini. Swali ni: niendelee nalo au nizime hapa hapa? Gharama kubwa nyingi zinaanzia kwenye jibu la swali hilo.

Rangi ya taa kwenye dashibodi

Taa nyekundu ikiwaka injini ikiwa inaunguruma, tafuta mahali salama usimame. Taa ya njano inakupa muda wa kufika kwa fundi, ila usiifanye pambo la miezi sita.

Nyekundu iliyo kali kuliko zote ni ile yenye mchoro wa birika la oili. Maana yake presha ya oili imeshuka, na injini ikizunguka bila oili inajisaga yenyewe kwa dakika chache tu. Zima. Subiri kidogo gari likiwa sehemu tambarare, chomoa kijiti cha oili, kifute, kirudishe, kisha ukichomoe tena usome. Kama oili imepungua, ongeza uwashe uone. Kama kipimo kiko sawa na taa bado inawaka, usiliwashe tena. Kulivuta gari ni nafuu kuliko kununua injini nyingine.

Taa nyekundu ya betri inawachanganya wengi. Haisemi betri imekufa. Inasema betri haipati chaji. Unaweza kusogea kidogo mchana, redio na feni ya ndani vikiwa vimezimwa. Lakini kwanza fungua boneti uangalie feni belti. Kwenye magari mengi madogo, belti inayozungusha alteneta ndiyo hiyo hiyo inayozungusha wota pampu. Ikikatika, ukilazimisha kuendelea, injini itachemsha muda si mrefu.

Gari linapochemsha

Hapa ndipo injini nyingi zinapofia. Tena baadhi ya magari, mfano Vitz, hayana mshale wa joto. Kuna taa ya rangi ya baridi inayowaka asubuhi na kuzimika, na taa nyekundu inayowaka joto likizidi. Ikiwaka nyekundu, hali imeshakuwa mbaya.

Zima AC. Kama huna pa kusimama mara moja, washa hita ya ndani hadi mwisho na ufungue vioo. Mtatokwa jasho, lakini hita inachukua joto la injini na kulitoa nje. Ukipata pa kusimama, zima gari, fungua boneti, halafu kaa mbali nalo kwa nusu saa au zaidi.

Usifungue mfuniko wa rejeta. Maji yaliyomo yako kwenye presha na yamepita nyuzi 100. Ukifungua yanaruka usoni. Kuna watu wana makovu kwa sababu ya haraka hiyo. Na usimwagie injini maji ya baridi. Silinda hedi ya aluminiamu ikipozwa ghafla inaweza kupinda au kupasuka.

Likipoa, angalia lilivyokuwa likichemsha, maana hilo linamwonyesha fundi pa kuanzia. Linachemsha likisimama kwenye foleni lakini linapoa likikimbia? Shuku feni ya rejeta, fyuzi yake au relei. Linachemsha kwenye mlima tu? Shuku maji kupungua, rejeta kuziba kwa kutu na matope, au wota pampu kuchoka. Maji yanapungua kila siku na chini hakuna hata tone? Hapo shuku gasketi ya silinda hedi, hasa kama ekzosi inatoa moshi mweupe hata injini ikiwa imepata moto, au oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Utando kidogo mweupe chini ya mfuniko wa oili peke yake usikutishe. Kwenye baridi ya Njombe na Makete, unyevu tu unaweza kuuleta. Angalia oili iliyo kwenye kijiti.

Kuna tabia ya mafundi wetu ambayo siikubali: gari likichemsha wanatoa themostati na kuitupa. Mara nyingi ugonjwa unabaki ulipokuwa, na kwenye baridi injini inachelewa kupata moto, inakula mafuta zaidi na inachakaa mapema. Kama themostati ni mbovu, nunua nyingine. Vivyo hivyo maji ya bomba ni ya kukufikisha nyumbani tu. Baada ya hapo mfumo usafishwe na uwekwe kulanti.

Asubuhi haliwaki

Juni na Julai huku kwetu betri iliyochoka inajitangaza yenyewe. Sikiliza sauti ukizungusha ufunguo. Ikilia tiki-tiki-tiki na taa zinafifia, ni betri au vibana vyake vimejaa unga mweupe au wa kijani. Kabla ya kununua betri, fungua vibana ukianza na hasi, visugue kwa maji ya uvuguvugu na baking soda, vikauke, uvirudishe ukianza na chanya. Ukisikia mlio mmoja tu, ka!, na taa ziko na nguvu, macho yahamie kwenye starta. Ikiwa starta inazunguka vizuri lakini injini haishiki, betri haina kosa. Tafuta kwenye mafuta, plagi au ufunguo wenye chipu.

Fundi umeme mwenye mita atakupa jibu kwa dakika 5. Betri iliyopumzika ikiwa na chaji kamili inasoma karibu volti 12.6. Injini ikiwaka inapaswa kusoma kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Ikibaki kwenye 12 injini ikiwa inaunguruma, chaji haifiki, na betri mpya nayo itakwisha.

Linamisi

Taa ya injini ikiwaka tu bila kupepesa, fika gereji taratibu. Ikipepesa huku gari linatetemeka, punguza mguu na usipande nalo mlima. Petroli isiyoungua inashuka kwenye ekzosi na kuunguza masega.

Ukipimiwa kwenye mashine, omba namba uiandike. P0301 ni silinda ya kwanza inamisi, P0302 ya pili, hivyo hivyo hadi ya nne. Kwenye injini ambazo kila plagi ina koili yake, mwambie fundi ahamishe koili ya silinda inayomisi kwenda nyingine kisha apime tena. Namba ikihama nayo, koili ndiyo mbovu, na utanunua moja badala ya nne.

Breki na gia boksi

Pedali ikiwa laini, ikizama, au taa ya breki ikiwaka wakati hendibreki imeshushwa, usianze safari. Oili ya breki hunyonya unyevu, ibadilishwe kila miaka miwili hivi. Ikizeeka inachemka kwenye mteremko mrefu na pedali inazama hadi chini. Kwa hiyo teremka Kitonga kwa gia ndogo, hata gari likiwa la otomatiki, badala ya kukanyaga breki mwanzo hadi mwisho. Ikizama kweli, pampu pedali haraka haraka, shusha gia, vuta hendibreki kidogo kidogo.

Baadhi ya Noah na IST zina gia boksi ya CVT. Haidroliki ya kawaida ikiwekwa humo inaiua. Soma maandishi kwenye kopo kabla fundi hajamimina.

Unapompigia fundi

Ukikwama mbali, usimwambie tu "gari limezima". Mwambie limezima likipanda au limesimama, lilikuwa limetembea muda gani, taa ipi imewaka, kuna harufu gani. Rekodi mlio kwa simu, piga picha ya dashibodi na ya chini ya gari kama kuna majimaji, umtumie. Rangi ya kilichomwagika inamsaidia: kahawia au nyeusi ni oili ya injini, nyekundu mara nyingi ni haidroliki, kijani au waridi ni kulanti. Maji meupe yasiyo na harufu, AC ikiwa ilikuwa inafanya kazi, ni ya AC. Hayo yaache, endelea na safari.